Kumpata Wakili Ukishtakiwa Kenya: Kutoka Seli ya Polisi Hadi Rufaa

Watu wengi wanaofika kwenye lango la mahakama wakimfuata ndugu yao aliyekamatwa huwa wameshasikia kwamba kila mshtakiwa hupewa wakili. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetoa haki mbili zinazokaa jirani lakini zisizofanana. Ya kwanza, iliyo katika Kifungu cha 50(2)(g), ni haki ya mshtakiwa kujichagulia wakili na kuwakilishwa naye, na kuarifiwa mapema kwamba anayo haki hiyo. Haina masharti, ila anayelipa ni mshtakiwa mwenyewe. Ya pili, katika Kifungu cha 50(2)(h), ni haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali ikiwa kukosekana kwa wakili kungesababisha ukosefu mkubwa wa haki. Hii ya pili ina sharti, na kwa sababu ina sharti ni lazima mtu aiombe na aeleze kwa nini anaistahili.

Mwongozo huu unahusu kesi za jinai nchini Kenya, na unafuata njia ambayo mshukiwa mwenyewe huipita. Jambo moja litajirudia katika kila hatua, nalo ni kwamba ombi lisiloandikwa katika kumbukumbu za kituo au za mahakama ni vigumu sana kulithibitisha baadaye. Jaji wa rufaa hakuwapo siku ile. Yeye husoma faili tu.

Hatua ya kwanza: dakika za mwanzo kituoni

Kifungu cha 49 cha Katiba kinamtaka afisa anayemkamata mtu amweleze mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Kifungu hicho hicho kinampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, na pia na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima. Hapasemwi kwamba ni lazima uwe na wakili unayemfahamu tayari. Ikiwa humjui wakili yeyote, mtu wa lazima kwako ni yule atakayekutafutia, awe mke, mume, mzazi, kaka au mwenye nyumba.

Sema kwa sauti ya kawaida na kwa adabu: "Afande, ninaomba kumpigia simu wakili wangu," au "Afande, ninaomba kumjulisha mama yangu ili anitafutie wakili." Kelele hazisaidii kituoni, na mara nyingi hukupa kosa la pili. Ukikataliwa, shika kichwani saa, siku na jina la afisa au nambari iliyo kwenye sare yake, kisha uombe tena afisa wa zamu anapobadilishwa. Ukifikishwa mbele ya hakimu, hayo ndiyo mambo ya kwanza ya kumweleza.

Muda una kikomo. Ni lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu ulipokamatwa. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama au katika siku isiyo ya mahakama, basi kikomo kinasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa, na ndiyo maana jamaa zake wanapaswa kuanza kumtafuta wakili Ijumaa hiyo hiyo. Kwa makosa mengi polisi wenyewe wanaweza kumwachilia mshukiwa kwa dhamana kabla ya kumfikisha mahakamani. Dhamana ya kuandikishana, yaani ya kuahidi kwa sahihi bila kuweka pesa, haina ada yoyote, na ikiwa kuna pesa taslimu zinazowekwa, lazima zitolewe risiti.

Hatua ya pili: maelezo na sahihi

Sehemu hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote za kituoni, kwa kuwa mtu aliyechoka, mwenye njaa na anayetaka kurudi nyumbani hutia sahihi karatasi yoyote anayowekewa mezani. Kunyamaza ni haki yako. Unaweza kutaja jina lako, umri na unakoishi, kisha ukasema kwamba mengine utayaeleza wakili wako akiwapo. Kunyamaza huko si kukiri kosa, wala si kumkosea afisa heshima.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, katika kifungu cha 25A, imeweka uzio ambao wengi hawaujui. Kukiri kosa hakukubaliwi kuwa ushahidi dhidi yako isipokuwa kumefanyika mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si yule anayeipeleleza kesi yako, tena akiwapo mtu wa tatu uliyemchagua wewe mwenyewe. Kwa hiyo, ikiwa mpelelezi amekuandikisha maungamo mkiwa wawili tu chumbani, mwambie wakili wako mapema ili ayapinge yatakapoletwa mahakamani. Na ukilazimika kutia sahihi jambo lolote, litake lisomwe kwanza kwa lugha unayoifahamu, usiache nafasi tupu juu ya sahihi yako, na ukipewa nafasi andika kwa mkono wako kwamba uliomba wakili na hukumpata.

Hatua ya tatu: kazi ya walio nje

Mtu aliye ndani hawezi kutafuta wakili. Jamaa ndio watakaofanya hivyo, na wakienda bila habari kamili hupoteza siku nzima. Wanapofika kituoni waombe nambari ya OB, yaani nambari ambayo kwayo kukamatwa huko kumeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo, pamoja na jina la afisa mpelelezi, kosa linalodaiwa na mahakama atakayopelekwa mshukiwa. Wakili akipigiwa simu huuliza hayo manne kabla hajauliza jingine lolote. Siku ya mahakama, orodha ya kesi hubandikwa ukutani au kwenye ubao karibu na masjala, na karani wa mahakama ndiye anayeweza kuwaambia kesi itasikizwa chumba kipi.

Hapo hapo langoni ndipo penye mtego mwingine, kwa maana kuna watu wanaowasogelea jamaa wenye wasiwasi wakijidai kuwa mawakili au kuwa "wanamjua hakimu". Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia habari za mtu aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili kwa kutumia jina la mwingine, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema hakuonywa. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, wakili ni yule aliyeorodheshwa katika daftari la mawakili na mwenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo. Cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina huduma ya mtandaoni ya kulitafuta jina la wakili na kuona kama cheti chake ni hai. Kuangalia hapo ni kazi ya dakika mbili.

Mkikubaliana na wakili, makubaliano yaandikwe: ni kesi ipi, ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu zipi, na kama inahusu dhamana peke yake au kesi nzima mpaka hukumu. Familia nyingi hulipia kazi ya dhamana zikidhani zimelipia kila kitu, kisha siku ya kusikizwa mshtakiwa anajikuta amesimama peke yake kizimbani. Lipeni kwa risiti.

Hatua ya nne: siku ya kusomewa mashtaka

Wakati mwingine polisi huwa hawako tayari kumshtaki mtu na hufika mahakamani na ombi la kumzuia kwa siku zaidi ili wamalize upelelezi. Watu hulichukulia ombi hilo kama jambo dogo, ilhali linaweza kumweka mtu seli siku kadhaa kabla hata hajasomewa shtaka. Wakili anaweza kulipinga, na mshukiwa asiye na wakili anaweza pia kulipinga mwenyewe kwa kueleza anakoishi, kazi yake, na kwamba atafika kila atakapoitwa.

Shtaka likiwa tayari, hakimu husoma au huamuru lisomwe hati ya mashtaka kwa lugha unayoielewa. Ikiwa Kiswahili au Kiingereza hakikutoshi, sema hivyo kabla lolote halijasomwa, kwa sababu Kifungu cha 50(2)(m) kinakupa mkalimani bila malipo. Baada ya kusomwa, utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapa ndipo pa kutulia.

Tuseme kijana wa bodaboda ameshtakiwa kumpiga abiria na kumjeruhi. Anasomewa shtaka kwamba tarehe fulani, katika eneo fulani, alimpiga mtu kinyume cha sheria na kumdhuru. Moyoni anajua kwamba mkono wake ulimgusa yule abiria kweli, kwa kuwa abiria alikuwa amemshika shingoni, akataka kukwepa kulipa. Anajibu: "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyenianza." Neno "lakini" katika jibu hilo lina uzito wa kesi nzima, maana mtu anayejitetea dhidi ya shambulio anaweza kuwa hana kosa kabisa. Sheria inamtaka hakimu aliandike jibu kama hilo kuwa ni kukana shtaka. Ila mahakama ina watu hamsini wanaosubiri, mkalimani anakata maneno, na mara mojamoja kinachobaki kwenye faili ni "ni kweli" peke yake. Tofauti hii si ndogo: mtu aliyekiri kosa, kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75, hawezi kukata rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu.

Kwa hiyo jibu la mtu ambaye bado hajazungumza na wakili lipunguzwe hadi maneno mawili: "Si kweli." Kukana hakumaanishi kwamba unamwita mlalamishi mwongo, kunamaanisha tu kwamba unataka upande wa mashtaka uthibitishe madai yake, nawe upate muda wa kushauriwa. Kama baadaye wakili ataona kwamba kukiri kunakufaa zaidi, mlango wa kukiri bado uko wazi, na hata upo utaratibu wa makubaliano rasmi na upande wa mashtaka juu ya kukiri kosa dogo zaidi. Naye aliyekwisha kukiri bila kufahamu ana nafasi ya kuiomba mahakama abadilishe jibu lake, mradi adhabu haijatolewa. Baada ya kukiri, upande wa mashtaka husoma maelezo ya jinsi kosa linavyodaiwa kutendeka. Ukisikia humo jambo usilolikubali, inua mkono na useme.

Kisha, kabla ya kuondoka kizimbani siku hiyo, omba mambo mawili. La kwanza ni dhamana, ambayo Kifungu cha 49(1)(h) kinakupa kwa masharti ya kiasi isipokuwa kuwe na sababu zenye uzito za kukunyima. La pili ni wakili.

Hatua ya tano: kuomba wakili wa Serikali

Kwa shtaka la mauaji, ambalo husikizwa na Mahakama Kuu, utaratibu wa mahakama kumteulia mshtakiwa wakili asipokuwa na uwezo ulikuwapo hata kabla ya Katiba ya 2010, na mara nyingi mshtakiwa hupewa wakili bila kuomba sana. Jambo la kushangaza ni kwamba wizi wa kimabavu, ambao nao katika sheria adhabu yake ni kifo, husikizwa na hakimu, na kwa miaka mingi watu wamesimama mbele ya mahakimu kwa kosa hilo, wakihoji mashahidi wenyewe na hata wakihukumiwa kunyongwa, bila wakili yeyote kando yao. Sioni hoja ya haki inayoweza kuutetea mgawanyo huo. Ni historia ya mahakama tu iliyoufanya hivyo.

Mahakama ya Juu iliamua suala hili mwaka 2017, katika Petisheni nambari 5 ya 2015. Ilisema kwamba haki ya kupewa wakili na Serikali haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa, bali mahakama lazima ipime kama ukosefu mkubwa wa haki utatokea, ikitazama mambo kama vile uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kumlipa wakili, kama ni mtoto, kiwango chake cha elimu, na ugumu wa shtaka lenyewe. Orodha hiyo ndiyo ombi lako. Usiseme tu "sina pesa", kwa sababu umaskini ni kigezo kimoja kati ya kadhaa. Sema kwa mfano hivi:

"Mheshimiwa, ninaomba kupewa wakili chini ya Kifungu cha 50(2)(h). Nimeshtakiwa wizi wa kimabavu, na adhabu yake ni kifo. Ninafanya kibarua cha mjengo na sina uwezo wa kumlipa wakili. Niliacha shule darasa la tano, na ushahidi wa simu na wa alama za vidole siwezi kuuhoji. Ninaomba ombi langu liandikwe."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inaitaka mahakama imjulishe mshtakiwa asiye na wakili juu ya haki yake ya kuwakilishwa, na pale inapoona hatari ya ukosefu mkubwa wa haki, imjulishe haki ya kupewa wakili na kuiarifu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Ikiwa hakimu hakukujulisha, ombi lako lililoandikwa litaonyesha kwamba ulikumbusha; na ikiwa ombi limekataliwa, sababu za kukataliwa zitakuwa kwenye faili kwa ajili ya jaji wa rufaa. Majaji wa Mahakama Kuu hawajalichukulia kwa namna moja suala la mtu ambaye hakujulishwa haki hii: wako waliofuta hukumu, na wako waliosema kwamba mshtakiwa lazima aonyeshe alivyoumia. Usiache hatima yako itegemee ni jaji gani utakayempata.

Huduma hiyo ya Kitaifa yenyewe unaweza kuiandikia moja kwa moja. Wanaostahili ni watu wasio na uwezo walio raia wa Kenya, watoto, wakimbizi, wahanga wa ulanguzi wa binadamu, wakimbizi wa ndani na watu wasio na utaifa. Ambatisha nakala ya hati ya mashtaka, nambari ya kesi na mahakama, tarehe ya kesi inayofuata, na barua ya chifu inayoeleza hali yako ya kimaisha. Barua ya chifu husaidia sana kuthibitisha umaskini. Aliye rumande amwombe msimamizi wa gereza ampelekee ombi. Magereza mengi yana wasaidizi wa kisheria, na baadhi yao ni wafungwa waliofunzwa ambao wanaijua kazi ya kuandika maombi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Nje ya Serikali, shirika liitwalo Kituo cha Sheria limekuwa likiwasaidia maskini tangu miaka ya 1970, na pwani shirika la MUHURI limesimamia kesi nyingi za haki za binadamu.

Mshtakiwa akiwa mtoto, mambo hubadilika. Mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibika kwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na aliye juu ya hapo asipopata msaada wa kisheria, Serikali inatakiwa kumsaidia. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa mkononi siku ya kwanza kabisa, kwani umri ulioandikwa na polisi kwa kukisia umewapeleka watoto wengi katika seli za watu wazima.

Hatua ya sita: wakati wakili hajapatikana na kesi inaendelea

Omba kuahirishwa, na utaje sababu: Kifungu cha 50(2)(c) kinakupa muda na nyenzo za kutosha za kuandaa utetezi, na Kifungu cha 50(2)(j) kinakupa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Kwa hiyo, kabla shahidi wa kwanza hajaapa, hakikisha una maandishi ya mashahidi wote na nakala za vielelezo. Kama hukupewa, sema "Mheshimiwa, sijapewa maelezo ya mashahidi," na usikubali kuanza.

Wakati wa kuwahoji mashahidi, washtakiwa wengi wasio na wakili hugeuza swali kuwa hotuba, wakaishia kubishana na shahidi. Uliza maswali mafupi ambayo majibu yake unayajua: ulisimama umbali gani, kulikuwa na taa, jina langu ulilitaja lini kwa polisi kwa mara ya kwanza. Upande wa mashtaka ukifunga kesi na hakimu akiona una kesi ya kujibu, utaelezwa njia tatu: kuapa na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza. Kabla ya kuchagua, omba hata siku moja ya kushauriana na wakili, walau wa bure.

Hatua ya saba: rufaa

Ukipatikana na hatia na hakimu, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, zikihesabiwa tangu siku ya adhabu. Muda huo unaweza kuongezwa kwa sababu nzuri, kama vile kucheleweshewa nakala ya mwenendo wa kesi, lakini ni salama zaidi kuandika barua ya kuomba mwenendo na hukumu siku ile ile ya kuhukumiwa. Aliye gerezani anamkabidhi msimamizi wa gereza hati yake ya rufaa, naye ndiye anayeipeleka mahakamani. Mwenendo ukifika, tafuta kwanza ukurasa wa siku uliposomewa mashtaka na uone kilichoandikwa mbele ya jibu lako, kisha tafuta kila mahali ulipoomba wakili, na uipe rufaa yako kurasa hizo kuwa sababu yake ya kwanza.